UFUNGUO WA KANZIDATA USIACHWE MLANGONI

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa umma na walimu wa Lushoto na Bumbuli.)



Saa nane ya usiku mji wa Lushoto umelala. Ukungu umeshuka kutoka Magamba na kufunika mabati ya majumba. Malori ya kabichi na karoti yaliyopakiwa jioni yamekwisha kuteremka kona za Soni, nayo yako mbali barabarani yakielekea Dar es Salaam. Ofisini hamna mtu. Hata hivyo kuna kazi inayofanyika humo. Kompyuta iliyoachwa imewashwa katika chumba cha nyuma inaamka kwa saa iliyopangiwa, inafungua kanzidata, inanakili kila kilichoandikwa mchana kutwa, inakifunga pamoja na kukipeleka mahali pengine pa akiba. Ikifika saa nane na nusu imekwisha maliza. Asubuhi karani anaingia, anaweka chai mezani, wala hajui kwamba usiku kulikuwa na zamu.

Zamu hiyo ndiyo habari ya mazungumzo haya. Kanzidata haifunguliwi ila kwa neno la siri, na mtu wa kulitoa neno hilo usiku ule hayupo. Basi kompyuta imelipata wapi? Imelipata kwa sababu kuna mtu aliyeiandikia. Fundi aliyeipanga kazi ile alitunga hati fupi ya amri, mistari kumi au kumi na miwili hivi, na katika mstari mmojawapo akalitia neno la siri kama lilivyo, herufi kwa herufi. Hapana ubaya katika kuifanya mashine ikeshe mahali pa binadamu. Jambo hilo ni jema, maana binadamu husahau, huugua na huenda mazishini. Ubaya upo katika mahali neno lile lilipoandikwa, na katika hesabu ya watu wanaoweza kulisoma bila hata kuvunja dirisha.

Yafaa kwanza kukumbuka ni nini kilichomo ndani ya kanzidata hizo, kwa kuwa maneno ya kitaalamu huweza kumfanya mtu adhani kwamba habari hii inawahusu mafundi peke yao. Katika hospitali mna majina ya wagonjwa. Katika halmashauri mna mapato ya ushuru na orodha za wafanyabiashara. Katika shule na Baraza la Mitihani mna mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na namba anayokwenda nayo tangu darasa la kwanza. Mahakamani mna mashauri, na Lushoto ndipo penye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambamo makarani na mahakimu wengi wa nchi hii hufundishwa namna ya kuitunza kumbukumbu ya shauri. Hao hawahitaji kuelezwa kwamba jalada lililopotea ni haki iliyopotea.

Mfano wa hospitali ndio mzito kuliko yote. Mama mmoja kutoka kijiji cha bondeni anapanda mlima kila baada ya miezi kadhaa kwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Huenda amechagua kliniki ya mbali makusudi, apite mahali asipojulikana. Katika vijiji vya Usambara watu wanajuana kwa ukoo na kwa shamba. Mtu akionekana amesimama mahali fulani siku fulani, habari hufika nyumbani kabla yake. Mama huyo amemwamini mwuguzi, na mwuguzi ameiamini kompyuta. Jina lake likitoka humo, ndoa inaweza kuvunjika, na mtoto anaweza kuchekwa shuleni. Sheria inaweza kumwadhibu aliyelitoa, lakini hakimu hawezi kuwaamuru majirani wasahau walichokisikia. Haki ya mama huyo inategemea mistari kumi ya amri iliyoandikwa na kijana ambaye hajapata kumwona.

Neno la siri la kompyuta si jambo la jana. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, wataalamu wa chuo cha MIT nchini Marekani wakiongozwa na Fernando Corbató walionyesha mtambo ambao watu wengi waliweza kuutumia kwa wakati mmoja, na kila mmoja akapewa neno lake la siri ili kazi yake isiingiliwe na mwenzake. Mwaka uliofuata tu, mtafiti mmoja wa chuo hicho hicho, Allan Scherr, aliyekuwa amepangiwa saa chache za kuutumia mtambo, alipeleka kadi ya kuagiza faili lichapishwe. Faili aliloliagiza ndilo lililokuwa na maneno ya siri ya watumiaji wote. Mtambo ukamchapia kwa utii, naye akawa na saa tele. Miaka michache baadaye, kwa hitilafu ya programu ya kuhariri, faili la maneno ya siri na faili la tangazo la siku yalibadilishana mahali, na kila aliyefungua mtambo asubuhi ile akapokelewa na siri za wenzake wote.

Kisa hiki kina jambo la kutazamwa kwa makini. Katika safari zote mbili hakuna aliyekisia neno la siri la mtu, wala hakuna aliyevunja fumbo. Siri zilitoka kwa sababu zilikuwa zimeandikwa mahali ambapo mtambo, kwa kazi yake ya kawaida, uliweza kuzitoa. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata haivunji mtungi. Huingia na kutoka kila siku.

Tanzania nayo ina historia yake na mashine hizi, na si ya kujivunia yote. Kompyuta ya kwanza ya nchi ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya hesabu za Serikali kuvurugika katika jitihada za kuzihamishia huko, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondoka, na leo mambo yamegeuka kabisa: malipo, mishahara, mitihani, ushuru wa mazao na taarifa za zahanati hupita ndani ya mitambo. Chombo kilichoogopwa kupita kiasi sasa kinaaminiwa kupita kiasi, na mara nyingi wanaokiamini ni wale wale ambao hawakupata kuelezwa kinavyofanya kazi.

Basi kinafanyaje kazi? Mtu aandikapo amri katika kompyuta, huweza kuambatanisha na amri hiyo maelezo yake: fanya hivi, kwa jina hili, kwa neno la siri hili. Yote hukaa katika mstari mmoja. Fundi mwenye haraka hupenda njia hiyo kwa kuwa ni fupi, huandikwa mara moja na kufanya kazi papo hapo. Lakini katika kompyuta zinazotumia Linux na jamaa zake wa ukoo wa Unix, ambazo ndizo nyingi miongoni mwa seva, mtambo huweka orodha ya kazi zote zinazoendelea, na orodha hiyo huonyesha kila kazi pamoja na mstari wake wa amri. Kwa kawaida orodha haifichwi. Mtumiaji yeyote aliyeruhusiwa kuingia katika kompyuta hiyo, hata awe mwanafunzi wa mazoezi ya kazi aliyekuja kwa miezi miwili, anaweza kuandika herufi mbili tu, ps, na kuomba aonyeshwe kazi za watu wote. Hajafanya kosa lolote. Ameuliza mtambo unafanya nini, na mtambo umemjibu kwa ukweli.

Ni kama lori la mboga linaloshuka kutoka Lushoto. Dereva anahitaji kibali cha kupita kizuizini, na badala ya kukiweka mfukoni amekibandika kwenye kioo cha mbele kwa maandishi makubwa, ili asisumbuliwe kukitafuta. Kizuizini atapita upesi. Lakini kibali kile kitasomwa pia na muuza mahindi wa Soni, na utingo wa basi, na kila aliyeketi kibarazani Mombo. Lori limepita kwa dakika moja, ni kweli. Mwenye kutaka kusoma hahitaji zaidi ya dakika moja, hasa akijua kwamba lori hupita kila usiku saa nane.

Watengenezaji wa programu wanalijua jambo hili. Programu za kanzidata ya MySQL hujitahidi kulifuta neno la siri katika orodha mara tu zinapoanza, na tangu toleo la 5.6 la mwaka 2013 hutoa onyo kila neno la siri linapowekwa katika mstari wa amri. Juhudi hiyo ni njema lakini haitoshi. Kati ya kazi kuanza na neno kufutwa kuna nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo neno husomeka. Tena kazi ya usiku haianzishwi na mkono wa mtu. Huanzishwa na mpangaji wa zamu aitwaye cron, naye huita programu nyingine ya kupokea amri, na mara nyingi mpokeaji huyo hubaki katika orodha akiwa ameushika mstari wote kama alivyopewa. Mtoto amejifunika uso, mzazi amesimama nyuma yake anataja jina lake. Ama lile onyo, mafundi wamelizoea kama watu wanavyomzoea mbwa wa jirani abwekaye usiku. Wengine wameongeza amri ya kulinyamazisha ili lisiwachafulie taarifa.

Kuna jambo la kushangaza zaidi. Mpangaji wa zamu ana daftari lake, na katika mitambo mingi kila anapoanzisha kazi huandika ndani ya daftari: saa fulani, mtumiaji fulani, nimeanzisha amri hii. Huandika amri kama ilivyo katika ratiba. Ikiwa neno la siri liliandikwa katika ratiba yenyewe, basi kila usiku huandikwa upya katika daftari, na daftari hutunzwa kwa majuma, hunakiliwa, pengine hupelekwa kwa ofisi nyingine kwa ukaguzi. Kadhalika, programu inayopokea amri za fundi anapoketi mbele ya mashine hukumbuka amri zake za nyuma katika faili la historia, ili asichoke kuziandika tena. Fundi aliyejaribu amri yake mara nne mchana kabla ya kuipangia zamu ameacha neno la siri mara nne katika faili hilo, wala hajui.

Wengine wakishasikia hayo hulihamishia neno la siri katika mazingira ya kazi, yaani katika zile thamani ambazo programu hupewa kimyakimya inapoanza. MySQL ina nafasi ya namna hiyo iitwayo MYSQL_PWD, na PostgreSQL ina PGPASSWORD. Ni afadhali kidogo kuliko kioo cha lori. Lakini wenye PostgreSQL wenyewe wanaeleza katika maelekezo yao kwamba njia hiyo haishauriwi, kwa sababu ipo mitambo inayowaruhusu watumiaji wengine kuyaona mazingira ya kazi isiyo yao. Nao wa MySQL wameitangaza yao kuwa ni njia ya kuachwa. Tena mazingira hurithiwa: kazi ikizaa kazi nyingine, mtoto hupata mali yote ya mzazi, hata ile asiyoihitaji.

Hapana budi sasa kusema ya hati yenyewe, kwa maana hapo ndipo siri nyingi duniani zimetokea. Fundi ameliondoa neno la siri katika ratiba na kulitia ndani ya hati ya amri. Vyema. Lakini hati ni kitu cha kuazimwa. Ofisi ya jirani inasikia kwamba hapa wana hati nzuri ya kunakili kanzidata, inaiomba, inapelekewa kwa barua pepe au kwa flashi. Mtaalamu mwelekezi anaichukua kama mfano. Kijana anaihifadhi katika ghala la mtandaoni la kutunzia programu, ili asiipoteze. Neno la siri linasafiri ndani yake kama funza katika embe.

Kampuni ya Toyota, ambayo magari yake hupanda kona za Soni kila siku ya Mungu, ilitangaza mwezi Oktoba 2022 kwamba sehemu ya programu za huduma yake ya T-Connect ilikuwa imewekwa katika ghala la wazi la GitHub na mkandarasi, na ndani ya programu hizo mlikuwa na ufunguo wa kuingilia seva ya taarifa. Ulikuwa umekaa hapo tangu Desemba 2017 hadi Septemba 2022, karibu miaka mitano. Anwani za barua pepe na namba za wateja 296,019 zilikuwa katika hatari. Mwezi huo huo wa Septemba 2022 kampuni ya teksi ya Uber ilivamiwa, na mvamizi akaeleza kwamba alipokwisha kuingia katika mtandao wa ndani alikuta hati za amri katika folda ya pamoja, na katika hati mojawapo jina na neno la siri la msimamizi wa ghala lenyewe la kutunzia siri. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuumwa na nyoka wa shimo hilo hilo: mwaka 2016 wavamizi walikuta funguo ndani ya programu zilizohifadhiwa GitHub, wakazitumia kuchukua taarifa za watu milioni 57. Ikiwa makampuni yenye majeshi ya wataalamu yameangushwa na mstari mmoja wa hati, ofisi yenye fundi mmoja, ambaye pia ndiye anayeitwa mashine ya kuchapia ikikwama, haina sababu ya kujiona salama.

Dawa yake ipo, na haihitaji fedha za kigeni. Neno la siri liwekwe katika faili lake peke yake, mbali na hati ya amri, na faili hilo liruhusiwe kusomwa na mwenyewe tu. Katika lugha ya Linux ruhusa hiyo huandikwa kwa tarakimu 600: mwenyewe asome na kuandika, kundi lake lisipate kitu, na watu wengine wasipate kitu. PostgreSQL ina faili lake la kazi hiyo liitwalo .pgpass, nayo ina ukali wa kupendeza, kwani ikikuta faili limeachwa wazi kwa wengine hukataa kulitumia. Mwalimu wa nidhamu asingefanya zaidi. MySQL husoma faili liitwalo .my.cnf, lakini yenyewe ni laini: hulipuuza faili ambalo kila mtu anaweza kuliandika, wala haigomi likiwa linaweza kusomwa na kila mtu. Kwa hiyo kwa MySQL fundi hana budi kuhakikisha mwenyewe. Ipo pia programu ndogo ya MySQL inayoliandika neno la siri kwa maandishi yasiyosomeka kwa macho. Isidhaniwe kuwa ni kasiki, maana kompyuta inayoweza kuyafumbua kwa ajili ya mwenyewe inaweza kuyafumbua kwa ajili ya mwizi. Ni pazia, na pazia lina faida yake.

Wafanyakazi wa afya wana mfano karibu nao. Mfumo wa DHIS2, uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Tanzania huutumia kukusanya taarifa za zahanati na hospitali zake, hutunza neno la siri la kanzidata yake katika faili liitwalo dhis.conf. Waliouunda hawakuficha kwamba neno humo limeandikwa wazi. Wanalieleza jambo hilo waziwazi na kuagiza faili lilindwe lisisomwe na asiyehusika. Wamekiri kwamba lazima siri iandikwe mahali fulani, kisha wakapachagua mahali hapo na kupawekea mlinzi.

Dawa iliyo bora zaidi ni kutokuwa na neno la siri kabisa. Jambo hili huwashangaza wengi. Kanzidata ikiwa katika kompyuta ile ile inayofanya zamu, PostgreSQL inaweza kuuliza mtambo: anayebisha hodi ni nani? Mtambo unamjua, kwa sababu ndio uliompa ruhusa ya kuingia. Na ikiwa jina ni lile lililokubaliwa, mlango hufunguliwa. MySQL na MariaDB zina utaratibu wa namna hiyo pia. Hakuna neno la kuibwa. Ni kama mlinzi wa lango anayemtambua karani kwa sura, asiyehitaji kuonyeshwa kitambulisho ambacho kingeweza kuokotwa njiani. Inasikitisha kwamba utaratibu huu, ambao mara nyingi huja tayari na programu, huondolewa na mafundi siku ya kwanza kwa sababu kitabu walichosomea kiliwafundisha neno la siri.

Na kama neno la siri haliepukiki, basi liwe la mtumishi mdogo. Kazi ya usiku ni kunakili tu. Haifuti, haibadilishi, haimwongezi mtu mshahara. Kwa nini basi ipewe neno la siri la msimamizi mkuu, mwenye uwezo wa kufuta hospitali nzima? Ifunguliwe akaunti ya pekee, iruhusiwe kusoma na si zaidi, tena kutoka katika kompyuta hiyo tu. PostgreSQL tangu toleo la 14 la mwaka 2021 ina cheo kilichotayarishwa kwa kusudi hilo. Kila mhasibu aliyepitia utumishi wa umma anajua kwamba anayeandika hundi siye anayeiidhinisha. Kanuni hiyo haikutungwa kwa sababu watumishi ni wezi, bali kwa sababu hata mwaminifu huibiwa ufunguo.

Lipo jambo ambalo walinzi wa neno la siri hulisahau, nalo ni nakala yenyewe. Ofisi inaweza kulificha neno la siri vizuri, kisha ikaiacha nakala ya kanzidata nzima katika folda ambayo kila mtu anaifungua, au katika flashi inayozungukazunguka mezani pamoja na picha za harusi. Aliyeipata nakala hahitaji neno la siri, kwa kuwa yote yamo humo, jina la yule mama na siku aliyochukua dawa. Nakala isifiwe ulinzi pungufu ya asili yake. Na wakati mwingine irudishwe katika kompyuta ya majaribio ionekane kama inasomeka, maana zipo ofisi zilizokesha miaka zikinakili faili tupu.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, haumo ndani ya mashine. Mtumishi wa umma huhamishwa. Fundi aliyeandika hati mwaka fulani anapangiwa wilaya nyingine, anakabidhi meza, viti na kompyuta kwa orodha iliyotiwa sahihi, lakini maneno ya siri hayamo katika orodha ya makabidhiano. Anayemrithi hajui ni hati ngapi zinatumia neno lile, wala zimekaa wapi. Anaogopa kulibadilisha, kwa kuwa akilibadilisha huenda usiku kitu kikasimama na asubuhi akaulizwa yeye. Miaka inapita. Neno la siri linabaki lile lile huku waliolijua wakiongezeka: aliyehamishwa, aliyestaafu, aliyeacha kazi kwa hasira, mkandarasi aliyekuja kwa juma moja. Neno lililokaa mahali pamoja, katika faili moja lenye mwenyewe, hubadilishwa kwa mara moja. Lililotapakaa katika hati ishirini halibadilishwi kamwe, na siri isiyoweza kubadilishwa si siri tena.

Wapo pia wanaofanya kinyume, nao si wachache. Huyu neno la siri amelifanya la kwake. Hakuliandika popote, hakumwambia mkuu wake, na kila kazi isimame mpaka aje. Akiugua, ofisi nzima inaugua. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani majivuno ya viongozi kwa wananchi, na ijapokuwa wakati ule kompyuta ilikuwa ya Hazina na mashirika machache, tabia hiyo ni ile ile. Neno la siri la kanzidata ya umma ni mali ya umma. Linastahili bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kasiki ya mkuu wa ofisi, iliyoandikwa tarehe na jina la aliyeifunga, kama funguo za akiba zilivyotunzwa katika maboma tangu zamani.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamfuata anayeingia katika mfumo bila ruhusa. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaziwekea taasisi za umma taratibu za mifumo yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatazama upande ambao wengi hawakuuzoea: inamtaka aliyekabidhiwa taarifa za mtu azilinde. Kwa hiyo ofisi iliyoibiwa haiwezi tena kujikalia kama mfiwa anayengoja rambirambi. Itaulizwa mlango ulikuwaje.

Walimu wanaweza kudhani kwamba hayo yote ni ya wenye seva. Lakini mwalimu mkuu anapokaribia siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa, mtandao ukiwa dhaifu na mvua ikinyesha, humpa kijana wa steshenari mjini jina lake na neno lake la siri ili amalizie usajili. Kijana anayaandika katika daftari la kaunta, chini ya majina ya shule nyingine, daftari likiwa limefunguliwa mbele ya wateja. Baadhi ya vijana hao huyahifadhi katika kivinjari cha kompyuta ya duka ili mwakani isiwe taabu. Amri yenye neno la siri ndani yake na daftari la kaunta ni ndugu wa tumbo moja: katika yote mawili mtu amemwachia mwingine afanye kazi kwa jina lake, na amemwachia pamoja na ufunguo mzima.

Kulihamisha neno la siri kutoka katika mstari wa amri na kulipeleka katika faili lenye mwenyewe ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua hati zake zilipo. Kufungua akaunti ndogo ya kunakili ni nusu saa nyingine. Kulibadilisha neno lenyewe baada ya hapo, maana lile la zamani limekwisha kuandikwa katika madaftari ya kila usiku, ni dakika tano. Ikiwa tu yule aliyelitunga hajahamishiwa Kilindi na namba yake ya simu bado inapatikana.